Uzi: Mchoraji huchoraje mionzi isiyoonekana? Tathmini ya vitabu vya picha na katuni kuhusu unururifu

#1 – Mwanzisha uzi

Waungwana, kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma, na vingine nikivirudia mara ya pili na ya tatu, vitabu vya picha na riwaya za katuni zinazohusu jambo moja la kisayansi, nalo ni unururifu, yaani tabia ya baadhi ya atomu kuvunjika zenyewe na kutoa mionzi. Nimeona heri niviweke katika uzi mmoja badala ya kuvipitia kimoja kimoja, kwa sababu vyote vinakabiliwa na kikwazo kilekile. Mionzi hiyo haina rangi, harufu wala sauti, na kwa kawaida mtu inayempitia hahisi kitu wakati huohuo. Mwandishi wa maneno matupu anaweza kuitaja kisha akaendelea na hadithi yake, lakini mchoraji hana pa kujificha, maana kilichomo ndani ya fremu sharti kionekane. Kwa hiyo kila nilipofungua kitabu nilikuwa na swali moja: huyu naye amefanya nini alipofika mahali ambapo hapana cha kuchora?

Niweke msimamo wangu wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Vitabu vilivyoniingia moyoni ni vile vilivyokataa kuichora mionzi yenyewe vikachora alama inayoiacha: nywele zinazobaki kwenye kitana, saa za kazi zinazohesabiwa, karatasi iliyobadilika rangi. Vile vilivyoipaka kijani kinachong'aa vimenipa picha za kupendeza na ufahamu uliopotoka.

Inafaa tukumbuke kwamba unururifu wenyewe uligunduliwa kwa njia ya picha. Mwaka 1896 mwanafizikia wa Kifaransa Henri Becquerel alikuwa na bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, na juu yake chumvi za urani, akikusudia kuliweka juani. Mawingu yakamzuia, akavitia vyote ndani ya mtoto wa meza. Siku chache baadaye alilisafisha bamba lile hivyohivyo bila jua kuligusa, akakuta limepata alama nzito, na mahali ambapo kipande cha shaba chenye umbo la msalaba kilikuwa kimekaa kati ya chumvi na bamba, pamebaki kivuli cha msalaba. Mionzi ilijichora kabla mchoraji yeyote hajaifikia.

Kitabu kinacholielewa jambo hili kuliko vyote ni *Radioactive* cha Lauren Redniss, kilichotoka mwaka 2010 na kusimulia maisha ya Marie na Pierre Curie. Picha zake nyingi zimetengenezwa kwa sianotaipu, mbinu iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, ambayo karatasi hupakwa kemikali za chuma, ikaachwa kwenye mwanga, na palipopigwa na mwanga pakawa buluu iliyokolea. Redniss aliichagua kwa sababu ugunduzi wa eksirei na wa unururifu ulitegemea jambo hilohilo la kitu kuachwa wazi mbele ya miale na kubaki na alama. Nimezitazama kurasa zake kwa kioo cha kukuzia. Mistari ya nyuso ni myembamba, inayumba kidogo, na kingo zake zimeingiwa na buluu kama wino kwenye karatasi yenye unyevu. Watu wanaonekana kama waliopitiwa na kitu kisha wakaachwa hapo. Ukurasa unaohusu kifo cha Pierre, aliyekanyagwa na mkokoteni wa farasi mjini Paris tarehe 19 Aprili 1906, haukunihitaji niambiwe kwamba ni huzuni.

Jalada la toleo la kwanza lilipakwa wino unaowaka gizani. Nilizima taa nikalitazama. Lilikuwa limeng'aa vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa likafifia. Hapo ndipo msomaji anapopaswa kuelezwa tofauti, na naona kitabu kimeiacha nafasi hiyo ipite. Wino wa namna hiyo huhifadhi mwanga ulioupata na kuurudisha mpaka uishe. Rediamu, ile elementi yenye unururifu waliyoigundua akina Curie, haihitaji kuwekwa kwenye taa: rediamu-226 huchukua takriban miaka 1,600 hadi nusu ya atomu zake ziwe zimevunjika, ndiyo maana madaftari ya Marie Curie, aliyefariki mwaka 1934, bado yanatunzwa ndani ya masanduku ya madini ya risasi.

Kitabu cha pili ni *Radium Girls* cha mchoraji wa Kifaransa anayetumia jina la Cy, kilichochapishwa mwaka 2020. Kinasimulia wasichana wa Orange, New Jersey, waliopaka namba za saa kwa rangi yenye rediamu na kufundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Amechora kwa penseli za rangi, zambarau na kijani vikitawala, na wasichana wenyewe wamechorwa wakiwa wachangamfu, wanacheka, wanakwenda dansi. Uchangamfu huo ndio nguvu ya kitabu, kwa kuwa msomaji anajua kilichomo kwenye brashi nao hawajui. Ninachokilaumu ni kijani. Kinang'aa kila mahali, na mtoto atakayekisoma atatoka akiamini kwamba mionzi ni kijani.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa kazi hii, lakini naomba nikupinge kwenye kijani. Wasichana wale waling'aa kweli. Vumbi la rangi liliwaganda nywele na nguo, na inajulikana kwamba wengine walijipaka kwa makusudi ili wapendeze gizani. Mchoraji amechora kile ambacho macho yao yaliona. Utamlaumuje kwa kusema ukweli?

#3 – Mwanzisha uzi

Umenishika pazuri, na napokea nusu ya pingamizi lako. Ni kweli waling'aa, na ni kweli mng'ao ulikuwa wa kijani. Ila mng'ao huo haukuwa wa mionzi. Ndani ya rangi ile mlikuwa na rediamu kidogo sana pamoja na unga wa zinki salfaidi. Rediamu ilitoa chembe za alfa, ambazo ni aina mojawapo ya mionzi, chembe zikaugonga unga, na unga ndio uliong'aa. Rediamu ikiwa peke yake hutoa mwanga hafifu wa kuelekea buluu, unaotokana na hewa inayoizunguka. Unga ule ukichakaa mng'ao hufifia, na saa kuukuu iliyokwisha kuzimika kabisa huendelea kutoa mionzi kama kawaida. Kwa maneno mengine kijani kinaweza kufa huku hatari ikiwa hai, na hili ndilo ambalo kitabu kinachofanya kijani kuwa alama ya hatari hakiwezi kulionyesha.

Hata hivyo nimekirudia usiku wa jana baada ya kusoma maneno yako, na kuna jambo nililipita haraka. Kadiri kurasa zinavyosonga, madhara hayaonekani kwenye mng'ao tena. Yanaonekana kwenye meno na mataya. Kikemia rediamu hufanana na kalsiamu, kwa hiyo mwili huipokea na kuipeleka kwenye mifupa, ikakaa humo ikipiga kutoka ndani. Mchoraji anapomwonyesha msichana akigusa shavu lake kwa vidole viwili, bila kijani chochote kwenye fremu, hapo amechora mionzi kwa haki. Napunguza lawama yangu, siifuti.

Niongeze kitabu cha tatu hapahapa, kwa sababu kinalitatua tatizo la rangi kwa njia iliyo kinyume. *When the Wind Blows* cha Raymond Briggs, cha mwaka 1982, kinahusu wazee wawili wa Uingereza, Jim na mkewe Hilda, wanaojiandaa kwa vita vya nyuklia kwa kufuata vijitabu vya serikali. Fremu ni ndogondogo, zimesongamana, zimejaa mazungumzo ya chai na mito na milango inayoegemezwa ukutani kuwa kinga. Katikati ya msongamano huo unafungua ghafla kurasa mbili nzima zenye kombora moja lililosimama gizani, kisha unarudi jikoni kwa wazee. Bomu linapolipuka karatasi inakuwa nyeupe. Baada ya hapo Briggs hachori miale, anaondoa rangi. Mashavu mekundu ya wale wazee yanapauka ukurasa baada ya ukurasa, fremu zinaingiwa na ukijivu, na wao wanaendelea kuzungumza kwa upole uleule, wakitafutia kila dalili maelezo ya kawaida. Hilda anaona nywele zinang'oka. Ukikiweka kitabu wazi kwenye kurasa za mwanzo na za mwisho kwa wakati mmoja, utaona tofauti ya rangi kwa jicho lako. Ukikisoma mfululizo, mabadiliko yanakupitia polepole bila kuyatambua, jinsi yanavyowapitia wao. Sijaona katuni nyingine iliyoutumia utaratibu wa kusoma wenyewe namna hii.

#4 – Mchangiaji, mpiga picha za eksirei

Nimefanya kazi kwenye chumba cha eksirei kwa miaka mingi, na kifuani navaa beji ya kupima mionzi niliyoipokea. Naomba niongeze kitabu ambacho naona kinafaa kuliko vyote vilivyotajwa, nacho ni manga, yaani katuni ya Kijapani, iitwayo *Ichi-F*. Mwandishi wake anatumia jina la bandia, Kazuto Tatsuta, kwa kuwa alikwenda yeye mwenyewe kufanya kazi ya usafishaji kwenye mitambo ya nyuklia ya Fukushima, Japani, iliyoharibika baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Jina la kitabu ni namna wafanyakazi wa pale wanavyoiita mitambo hiyo.

Wengi watakiona kinachosha, na mimi kwa sababu hiyohiyo nakipenda. Hakina milipuko wala mashujaa. Kina mavazi. Kurasa nyingi zinaeleza glavu zinavaliwa ngapi, zinafungwaje kwa utepe mikononi, barakoa inakazwaje, mtu anavua nini kwanza anaporudi ili asibebe vumbi hadi mahali pa kupumzikia. Kisha kuna kile kifaa cha kupima kinachovaliwa mwilini na kutoa mlio kadiri kipimo kinavyopanda. Mlio huo, ulioandikwa kwa herufi ndani ya fremu, ndio mionzi yote iliyomo katika kitabu kile.

Sisi wa kazi hii tunafundishwa mambo matatu tangu siku ya kwanza: muda, umbali na kinga. Kaa kwa muda mfupi, kaa mbali, weka kitu katikati. Chanzo kikiwa kidogo, ukiuzidisha umbali mara mbili unapokea robo ya ulichokuwa ukipokea. Tatsuta hayafundishi haya kwa mchoro wa darasani, lakini kila mtu kwenye kurasa zake anaishi kwa kuyafuata. Sheria ya Japani inamruhusu mfanyakazi wa namna hiyo kupokea milisiverti 50 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) kwa mwaka, na jumla isizidi 100 kwa miaka mitano. Kwa hiyo mtu ana akiba ya kipimo kama vile ana akiba ya fedha, na ikiisha, kazi inaisha ingawa nguvu za mwili bado anazo. Fremu ninazozikumbuka ni za watu wanaongoja tu, wakiwa wamevaa, kwa sababu kazi yenyewe ni fupi na maandalizi ni marefu. Hivyo ndivyo ilivyo.

Lawama ninayo moja. Mwandishi amejikita mno kwenye utaratibu, hata wakazi waliolazimika kuhama wanaonekana kwa mbali. Najua hakikuwa kitabu chao, lakini ukimaliza unahisi pengo hilo.

#5 – Mchangiaji, mwalimu wa sayansi

Nashukuru kwa maelezo ya namba 4, maana muda, umbali na kinga nitayatumia darasani kesho kutwa. Ninafundisha wanafunzi wa miaka 14 na 15. Nimekuwa nikifikiria *Hadashi no Gen*, katuni ya Kijapani kuhusu bomu la atomu la Hiroshima, lakini mwenzangu mmoja ameniambia ni kitabu cha kutisha mno na kwamba kinafundisha historia, hakifundishi sayansi. Naomba mawazo yenu. Pia kama kipo kitabu kinachoeleza kupasuka kwa kiini cha atomu vizuri kwa michoro, nitashukuru kukijua.

#6 – Mwanzisha uzi

Mwalimu, nianze na swali lako la pili kwa kuwa ni jepesi. Chukua *Trinity* cha Jonathan Fetter-Vorm, cha mwaka 2012. Ni cheusi na cheupe, na maelezo yake ya neutroni inayokigonga kiini cha urani, kiini kikapasuka na kuachia neutroni nyingine zinazokwenda kupasua viini vingine, ni mazuri kuliko niliyoyaona kwenye vitabu vingi vya shule. Kinasimulia pia jaribio la bomu la atomu huko New Mexico, Marekani, la alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Ila uwaambie wanafunzi kwamba mpasuko wa kiini na unururifu ni mambo mawili yanayohusiana bila kuwa kitu kimoja, kwani la kwanza linahitaji kugongwa na la pili hutokea lenyewe.

Sasa *Hadashi no Gen*. Mwandishi na mchoraji wake, Keiji Nakazawa, alikuwa na miaka sita bomu lilipoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na ukuta wa shule ulimkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa. Mama yake alifariki mwaka 1966, na baada ya mwili kuchomwa kwa desturi yao, mifupa ambayo familia ilitarajia kuiokota haikuwepo, yalibaki majivu. Nakazawa alieleza kwamba tukio hilo ndilo lililomsukuma achore habari za bomu, na mwaka 1973 mfululizo wa Gen ukaanza kutoka. Kwa hiyo chanzo cha kitabu kizima ni mionzi iliyofanya kazi yake kwa zaidi ya miaka 20 ndani ya mwili wa mtu mmoja, au ndivyo mwanawe alivyoielewa.

Mwenzako ana haki kuhusu kutisha. Kurasa za siku ya bomu zina watu ambao ngozi inawaning'inia, na sitamshauri mtu azigawe darasani bila kuwaandaa wanafunzi. Kuhusu sayansi simkubalii. Katika kitabu kile wanakufa watu waliochomeka, kisha baada ya siku kadhaa wanaanza kuugua na kufa watu ambao hawana jeraha hata moja, na hakuna aliyepo anayejua sababu. Gen mwenyewe anapitisha mkono kichwani na nywele zinatoka zote. Mchoraji hatuelezi chembe hai za uboho zinazoshindwa kugawanyika. Anatuweka mahali pa watu walioziona dalili kabla ya kuwa na jina la ugonjwa. Kwa mwanafunzi wa sayansi huo ni mwanzo mzuri wa swali: kwa nini nywele, kwa nini damu, kwa nini baada ya siku kadhaa na si papo hapo? Jibu, kwamba mionzi huziumiza zaidi chembe zinazogawanyika haraka, litakuwa na maana kwake kwa sababu ameshauliza.

Kwa kuwa tuko Hiroshima, nitaje kwa kifupi *La Bombe* ya Alcante, Bollée na mchoraji Denis Rodier, ya mwaka 2020, yenye kurasa 472. Utafiti wake ni mkubwa na michoro ni imara. Ila msimulizi ni urani yenyewe, inayozungumza kama kiumbe kilichokuwa kikingoja tangu zama za kale, na mimi uamuzi huo umenisumbua toka mwanzo hadi mwisho. Atomu ikipewa nia, watu walioamua wanapunguziwa mzigo. Kizuri zaidi humo ni kile kivuli cha mtu kilichobaki kwenye ngazi za mawe za benki ya Sumitomo, mita kama 260 kutoka mahali bomu lilipolipukia juu yake. Tafadhali msikichanganye na kazi ya unururifu. Kivuli kile kilitokana na mwanga na joto vilivyobadilisha rangi ya mawe yaliyozunguka, na pale mwili ulipokinga pakabaki palivyokuwa. Msalaba wa shaba wa Becquerel na ngazi zile vinafanana kwa umbo, na ndiyo maana nimekaa muda mrefu mbele ya ukurasa ule, lakini sababu zake ni tofauti.

#7 – Mchangiaji

Mnanikumbusha *Un printemps à Tchernobyl* cha Emmanuel Lepage, cha mwaka 2012. Alikwenda Chernobyl, Ukraini, penye mtambo wa nyuklia uliolipuka, mwaka 2008 pamoja na wasanii wengine, akitarajia kuchora uharibifu, na kurasa zake za mwanzo ni za kijivu kama majivu. Kisha majira ya kuchipua yanamshangaza. Miti ni ya kijani, maua yamefunguka, watoto wanacheza, na rangi zinaanza kuingia kwenye kitabu bila yeye kuziita. Anajiuliza waziwazi kama ana haki ya kuchora uzuri mahali pale. Nadhani hiki ndicho kijani pekee kinachostahili katika uzi huu, kijani cha majani halisi, huku kifaa cha kupima kikisema jambo ambalo mchoro hausemi. Iodini-131 iliyotoka kwenye ajali ya 1986 hupungua kwa nusu kila siku nane, hivyo imekwisha zamani. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu, na bado imo kwenye udongo ambamo maua yale yameota.

#8 – Mwanzisha uzi

Namba 7, umekisoma vizuri kuliko mimi. Nilikiweka kando kwa kudhani kwamba kimependezwa mno na mandhari, na sasa nitakirudia.

Mwalimu ameniandikia kando akiuliza, kama ana nafasi ya kitabu kimoja tu, achukue kipi. Jibu langu ni *Yūnagi no Machi, Sakura no Kuni* cha Fumiyo Kōno, cha mwaka 2004. Ni chembamba, na hakina ukurasa hata mmoja wa kumtisha mwanafunzi. Sehemu ya kwanza ni ya Hiroshima mwaka 1955, miaka kumi baada ya bomu. Msichana aitwaye Minami anafanya kazi ofisini, anashona nguo yake mwenyewe, anavua viatu njiani ili visichakae, na kuna kijana anampenda. Mistari ni laini, ya mkono mtulivu. Kisha anaugua. Anapopoteza uwezo wa kuona, fremu zinaanza kuwa tupu. Mipaka yake ipo, maneno anayoyawaza yapo, na ndani ya kisanduku hamna kitu ila weupe wa karatasi.

Mwalimu, ukizifikia kurasa hizo usizisome kwa sauti. Mpe kila mwanafunzi kitabu mkononi, na uwaache wazifungue wenyewe.